Namna ya Kuandika Wasifu Mfupi wa Kongamano, Hatua kwa Hatua

Waandaaji wa kongamano huomba vitu viwili: ikisiri, yaani muhtasari wa utafiti utakaouwasilisha, na wasifu mfupi. Ikisiri watu huihangaikia wiki nzima, wakaipeleka kwa msimamizi, ikarudi na wino mwekundu, ikaandikwa upya. Wasifu huandikwa usiku wa mwisho, dakika kumi kabla fomu haijafungwa.

Nimesaidia kupanga vijitabu vya ikisiri mara kadhaa, na makosa ninayoyapokea ni yale yale. Mtu anaombwa maneno 100, anatuma wasifukazi (CV) wa kurasa sita wenye namba ya kitambulisho cha taifa, hali ya ndoa na wadhamini watatu. Mwingine anatuma mstari mmoja: "Mimi ni mwanafunzi wa uzamili." Wa tatu anajiita gwiji. Ukizisoma ikisiri zao unakuta wote watatu wana utafiti mzuri tu.

Kabla ya kushika kalamu, jua wasifu huu unakwenda wapi. Utachapwa kwenye kijitabu, pengine na kwenye tovuti. Lakini kazi yake kubwa ni kusomwa kwa sauti na mwenyekiti wa kikao, mtu ambaye huenda hajawahi kukuona na ameshikishwa karatasi yako dakika tano kabla. Karibu kila ushauri ulio hapa chini unatokana na jambo hilo.

Mimi nililijua kwa kuumia. Kongamano langu la kwanza nilituma wasifukazi mzima, kurasa mbili. Mwenyekiti alikuwa mzee mwenye heshima zake, akausoma wote: shule ya msingi, sekondari, cheti cha kompyuta, "anapenda kusoma na kusafiri". Ukumbi ulitulia kwa adabu. Nilikuwa na dakika 15 za kuwasilisha. Nilipofungua slaidi ya tatu, kijana wa saa pale mbele aliinua karatasi: DAKIKA 5.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

Kusanya hivi kwanza, maana kinachowapotezea watu muda ni kutafuta tarehe na majina katikati ya sentensi.

- Tangazo la kongamano lenyewe, ukurasa unaotaja idadi ya maneno au herufi, lugha na tarehe ya mwisho.
- Ikisiri yako ya mwisho, ile uliyokwisha kuituma.
- Jina lako kama linavyoonekana kwenye machapisho yako. Kama bado hujachapisha, amua leo litakavyoonekana.
- Jina rasmi la idara na chuo, kwa lugha ya kongamano.
- Orodha ya kazi zako: makala, sura za vitabu, tafsiri, diwani, miradi. Andika zote, utachuja baadaye.
- Namba yako ya ORCID kama unayo. Ni namba ya kumtambulisha mtafiti, ya tarakimu 16 katika vikundi vinne. Kujisajili ni bure, na inawasaidia hasa wenye majina yanayofanana. Ukiwa Juma Ali au Mwanaisha Salim, unanielewa.
- Simu yenye saa ya kupimia muda.

Ukiwa navyo vyote, kazi nzima huchukua saa moja. Bila hivyo ni jioni mbili na ugomvi na mtandao.

## Hatua ya 1: Jua unaombwa maneno au herufi

Soma tangazo tena. Maneno 50, 100 au 150 ndiyo viwango vinavyokutana nami mara nyingi. Fomu za mtandaoni, hata hivyo, aghalabu huhesabu herufi, pamoja na nafasi. Kwa Kiswahili herufi 500 hukupa kati ya maneno 70 na 80 tu, basi usichanganye mambo.

Kumbuka pia kwamba neno la Kiswahili hubeba mzigo mzito. "Aliyemsimamia" ni neno moja. Kiingereza kingehitaji manne au matano. Kwa hiyo kikomo cha maneno 100 kilichowekwa na mtu anayefikiri kwa Kiingereza, kwako ni uwanja mpana. Kikomo cha herufi ndicho kinachobana.

Kwenye Google Docs bonyeza Ctrl, Shift na C kwa pamoja upate hesabu. Kwenye Word hesabu iko chini kushoto. Usikadirie kwa macho.

Tahadhari: ukizidisha, mhariri atakata, naye hakati kwa huruma. Hukata kutoka chini. Nimewahi kuona wasifu ambao jambo la maana kuliko yote lilikuwa sentensi ya mwisho. Halikufika kwenye kijitabu.

## Hatua ya 2: Tenga wasifu, tawasifu na wasifukazi

Tawasifu ni maisha yako ukiyasimulia mwenyewe. Wasifukazi ni hati ya kuombea kazi. Wasifu mfupi wa kongamano ni jibu la maswali matatu ya msikilizaji: huyu ni nani, anachunguza nini, na kwa nini nimsikilize yeye juu ya mada hii?

Basi ondoa bila majadiliano: tarehe na mahali pa kuzaliwa, shule ya msingi na sekondari, dini, kabila, ndoa na watoto, namba ya simu, anwani ya nyumbani, wadhamini, mapendeleo. Sababu si mtindo tu. Vijitabu huwekwa mtandaoni vikabaki huko miaka mingi, na tarehe ya kuzaliwa pamoja na namba ya simu ndivyo matapeli wanavyovitafuta.

Kuna wakati mahali pa asili panahusika kweli. Anayechunguza Kitumbatu naye ni mzaliwa wa Tumbatu, hilo ni taarifa ya kitaaluma: anaijua lahaja kwa kuinyonya, na pia ana ukaribu ambao msikilizaji ana haki ya kuujua. Hapo weka, kwa maneno matatu. Vinginevyo acha.

## Hatua ya 3: Andika sentensi ya kwanza kwa neno "ni"

Sentensi ya kwanza ndiyo nguzo. Umbo lake ni hili:

Jina + ni + hadhi yako + idara + chuo au taasisi.

Andika katika nafsi ya tatu hata kama unajiandikia mwenyewe. Wengi huona aibu hapa, wanahisi wanajisema kama wafalme. Lakini hebu mfikirie mwenyekiti aliyeshika kipaza sauti akisoma "Mimi naitwa..." Atalazimika kubadilisha kila kitenzi papo hapo, kutoka ni- kwenda a-, na atakwama kwenye kitenzi cha pili.

Hadhi iwe ya leo. Mhadhiri msaidizi si mhadhiri, na mhadhiri si mhadhiri mwandamizi. Waliokaa ukumbini wanajua tofauti hiyo kuliko unavyodhani, na mmoja wao anaweza kuwa mkuu wako wa idara. Kama unasoma, sema "mwanafunzi wa uzamivu". "Mtahiniwa wa uzamivu" mwachie aliyekwisha kuvuka hatua ambayo chuo chake kinaitaka ili aitwe hivyo. Kenya wengi huandika "uzamifu". Chagua moja, usiandike zote mbili katika aya moja.

"Dkt." usiitangulize kabla ya shahada kukamilika. Kwetu kifupisho hicho hubebwa na tabibu na msomi pia, kwa hiyo mwenye uzamivu anayezungumza kwenye kongamano la afya afanye hisani aseme shahada yake ni ya nini. Kuhusu "Mwl.", sioni ubaya. Hapa kwetu ualimu una heshima ambayo vyeo vingine vinaiazima.

Jina la taasisi liwe la sasa. Bado napokea wasifu zinazosema mtu yuko TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili), ilhali tangu 2009 ni TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Na kila chuo kina maneno yake: Dar es Salaam utakuta Ndaki, kwingine Kitivo, Zanzibar Skuli. Fuata wanavyojiita wenyewe. Vifupisho vifumbuliwe mara ya kwanza, kwa sababu mgeni kutoka Bayreuth, Ujerumani, au Nairobi hana lazima ya kujua vifupisho vya Dodoma.

Huna chuo? Sema unachofanya: "mfasiri na mkalimani, Mombasa", "mtafiti huru", "mwalimu wa sekondari". Usijibandike kwenye chuo ulichohitimu miaka mitano iliyopita.

Ukifaulu hatua hii, sentensi itasomeka kwa pumzi moja na haitazidi maneno 20.

## Hatua ya 4: Taja utafiti wako mpaka uonekane

Hapa ndipo wasifu nyingi hufa. Tazama sentensi hii, ambayo kwa namna moja au nyingine nimeipokea mara nyingi mno:

"Anajishughulisha na tafiti mbalimbali katika nyanja za isimu, fasihi na utamaduni."

Imesema nini? Haijasema kitu. Watu mia mbili ukumbini wangeweza kuivaa na ingewakaa. "Anajishughulisha na", "anajihusisha na", "mbalimbali", "nyanja" ni maneno ya kufichia. Yafute, kisha jibu: unachunguza nini, wapi, kwa nani?

"Anachunguza msamiati wa uvuvi katika Kimtang'ata, lahaja ya pwani ya Tanga, hususan majina ya pepo na ya sehemu za ngalawa."

Sasa kuna mtu. Mvuvi yumo, ngalawa imo. Msikilizaji aliyekulia pwani tayari anajiuliza kama umepata majina ya upepo kama matlai na umande au umeishia kwenye kaskazi na kusi tu, na swali hilo atakuletea wakati wa chai. Kongamano ni hiyo chai kwa sehemu kubwa.

Namna ya kuipata sentensi hiyo: chukua ikisiri yako, pigia mstari nomino tano zisizoweza kuhamia kwenye ikisiri ya mtu mwingine. Tumia tatu. Ila usinakili ikisiri yenyewe. Ikisiri iko ukurasa huo huo wa kijitabu, na msomaji hatakushukuru kwa kusomeshwa kitu mara mbili. Wasifu hutaja eneo lako lote la kazi. Ikisiri hutaja mada ya siku hiyo.

## Hatua ya 5: Chagua ushahidi, kimoja hadi vitatu

Sasa rudi kwenye ile orodha ndefu. Chagua vitu vinavyoonyesha kwamba unaijua mada ya kongamano hili. Kongamano la tafsiri halina haja na makala yako ya fonolojia, hata kama ndiyo unayojivunia.

Mwenye machapisho mengi hupata tabu kuliko asiye nayo. "Amechapisha zaidi ya makala 30" ni idadi, haimwambii mtu cha kwenda kusoma. Taja moja kwa mada na jarida lake, mwachie msikilizaji njia.

Asiye na chapisho ana mengi kuliko anavyofikiri: data aliyokusanya na mahali alipoikusanya, miaka ya kufundisha, tafsiri, kazi ya uhariri, redio, jukwaa la ushairi, chama cha wanafunzi wa Kiswahili alichokiongoza. Mwalimu aliyefundisha ushairi kidato cha tano kwa miaka 6 anajua jambo kuhusu ushairi ambalo profesa hajui.

Tahadhari kuhusu hali ya makala. Maneno haya yana maana tofauti na usiyachezee:

- "imechapishwa": mtu anaweza kuipata leo.
- "imekubaliwa": una barua ya mhariri.
- "imewasilishwa": umeituma tu. Hii usiiweke kwenye wasifu kabisa.

Mhariri wa jarida lenyewe anaweza kuwa amekaa mstari wa mbele. Nimeshuhudia. Sitasema zaidi.

## Hatua ya 6: Panga nyakati za vitenzi

Jambo hili miongozo ya kutafsiriwa hailigusi, kwa sababu tatizo ni letu. Kitenzi kimoja kikibadilishwa njeo, yaani wakati wake, maisha yako ya kazi yanabadilika:

Anafundisha: yuko kazini sasa.

Alifundisha: ameondoka. Inataka mwaka au muda: "alifundisha kuanzia 2015 hadi 2021".

Amefundisha: ana uzoefu huo. Haipendi tarehe maalumu. "Amefundisha mwaka 2015" inakwaruza sikio. Sema "alifundisha mwaka 2015" au "amefundisha kwa miaka 6".

Hufundisha: ni mazoea. Ukiandika "hufundisha Chuo Kikuu fulani", msikilizaji anaweza kuelewa kwamba huenda mara mojamoja.

Amekuwa akifundisha tangu: alianza na hajaacha. Ndefu, lakini wakati mwingine ndiyo iliyo sahihi.

Kwa kawaida -na- kwa ulichonacho leo, -me- kwa matunda ya kazi (amechapisha, amehariri, ametafsiri), -li- kwa lililopita na tarehe yake. Pitia kila kitenzi na ujiulize: je, ni kweli siku ya kongamano? Wasifu unaandikwa Machi, kongamano ni Agosti, na katikati unaweza kuwa umehitimu.

## Hatua ya 7: Futa sifa

Gwiji, nguli, mahiri, mashuhuri, mbobezi, mwenye bidii, mpenda maendeleo. Futa zote. Sifa hutolewa na wengine, na zikisomwa na mwenyekiti huku wewe umekaa hapo pembeni yake, ukumbi unajua nani ameziandika. Anayejiita nguli mbele ya waliomfundisha huulizwa maswali makali kuliko mwenzake. Huo ndio ubinadamu wetu.

Badilisha kila sifa kwa tendo. "Mshairi mahiri" inakuwa "ana diwani moja". "Mfasiri mbobezi" inakuwa "ametafsiri miongozo ya afya kwa miaka 9". Kama huna tendo la kuweka mahali pa sifa, basi sifa haikuwa na kitu.

Nyongeza kwa wanaotumia programu za akili mnemba kuandika: soma kila neno ililokuandikia. Hupenda sana sifa hizi, na zaidi ya hapo huweza kukutunuku tuzo usiyoipata na makala usiyoiandika. Jina lililo juu ya wasifu ni lako.

## Hatua ya 8: Panga sentensi ili ikatwe bila kuumia

Tumeshasema mhariri hukata kutoka chini. Basi mpe wasifu unaokatika vizuri. Weka la maana zaidi juu, na kila sentensi isimame peke yake bila kutegemea inayofuata. Mfano:

> Fulani A. Fulani ni mwanafunzi wa uzamivu katika Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Anachunguza msamiati wa uvuvi katika Kimtang'ata, lahaja ya pwani ya Tanga, hususan majina ya pepo na ya sehemu za ngalawa. Makala yake kuhusu majina ya pepo imekubaliwa na jarida la Mulika. Tangu mwaka 2022 amekuwa akirekodi mazungumzo ya wavuvi wa Kigombe na Tongoni wakiwa kazini. Kabla ya hapo alifundisha Kiswahili kwa miaka sita katika shule ya sekondari mkoani Tanga.

Hayo ni maneno 78. Akija mhariri kusema nafasi ni ya maneno 50, kata sentensi mbili za mwisho: zinabaki 50 kamili, na hakuna jeraha. Akitaka mstari wa bango la ukumbini, mpe huu wa maneno 24:

> Fulani A. Fulani ni mwanafunzi wa uzamivu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Anachunguza msamiati wa uvuvi katika Kimtang'ata, lahaja ya pwani ya Tanga.

Linganisha na alichokuwa ameandika Fulani huyo huyo mwanzoni:

> Bw. Fulani ni kijana mwenye bidii aliyezaliwa mwaka 1991 mkoani Tanga akiwa mtoto wa tatu katika familia ya watoto saba ambaye alisoma shule ya msingi na sekondari mkoani humo na baadaye kujiunga na elimu ya juu ambapo alitunukiwa shahada ya kwanza na ya uzamili na kwa sasa anaendelea na masomo huku akijihusisha na tafiti mbalimbali za lugha.

Sentensi moja, haina pa kupumulia, na uvuvi haumo. Mtoto wa tatu yumo.

Ona pia zile "ambaye" na "ambapo". Kila moja ni kona ambayo msomaji wa sauti anaweza kupindukia. Kwenye wasifu mfupi "ambaye" moja yatosha. Zikiwa mbili, weka nukta katikati.

## Hatua ya 9: Soma kwa sauti, kisha msomeshe mwingine

Washa saa ya simu. Soma kwa mwendo wa mtu anayetambulisha mgeni, usikimbie. Maneno 100 huchukua karibu dakika moja. Ukizidi hapo, punguza.

Halafu mpe mtu asiye wa fani yako asome kwa sauti wewe ukimsikiliza. Usimsaidie. Pale atakaposita ndipo pa kurekebisha. Akimaliza mwulize: huyu mtu anachunguza nini? Akijibu "mambo ya lugha", rudi Hatua ya 4. Akijibu "majina ya upepo ya wavuvi wa Tanga", umemaliza.

Jina lako likiwa gumu kwa wageni, ongeza maelekezo ya matamshi kwenye barua pepe, nje ya wasifu. Na wenye majina yenye ng' wawe macho: alama hiyo hupotea au hugeuka kichorochoro ukinakili kutoka Word kwenda kwenye fomu ya mtandaoni. Bila alama, "ng'" inasomwa kama ng ya "ngoma", na jina la ukoo mzima linapotea mbele ya watu. Ukishabandika, hakiki jina kwa jicho, tena kwenye ukurasa wa mwisho kabla ya kubonyeza "tuma".

## Kama kongamano ni la lugha mbili

Kiswahili hakitaji jinsia kwenye kitenzi. "Anafundisha" ni yeye, awe mwanamume au mwanamke. Kiingereza na Kifaransa zitataka kujua. Ukiwaachia waandaaji, watabahatisha, na programu za kutafsiri nazo hubahatisha. Mwenzangu mmoja, mwanamke, alisomewa wasifu wote kwa kiwakilishi cha kiume, akapanda jukwaani watu wakimtafuta bwana aliyetajwa.

Andika matoleo yote mawili mwenyewe, kila moja kwa mwendo wa lugha yake, na majina ya shahada na idara yafuate yanavyoandikwa rasmi upande ule.

## Kutuma

Tuma faili la Word, usitume PDF, wala picha ya karatasi uliyoipiga kwa simu. Mhariri anahitaji kunakili maandishi. Bandika pia wasifu ndani ya barua pepe yenyewe, endapo faili litagoma.

Faili lipe jina lako: Wasifu_Fulani.docx. Nimepokea mafaili kumi na moja kwa siku moja yote yakiitwa "wasifu mpya final".

Picha, kama imeombwa: uso uonekane, mwanga utoke mbele, faili liwe la ukubwa wake wa asili. Ukituma kwa WhatsApp kama picha, hubanwa na ubora hupungua; tuma kama hati. Picha ya harusi iliyokatwa bega la bi harusi haifai.

Barua pepe unayoiweka kwenye kijitabu iwe utakayoendelea kuwa nayo. Anwani ya chuo huweza kufungwa ukishahitimu, na mtu atakayeisoma ikisiri yako miaka mitatu baadaye atakuandikia bila kupata jibu.

Mkiwa wawasilishaji wawili, kila mmoja na wasifu wake, kwa mpangilio ule ule wa majina ulio kwenye ikisiri. Gawaneni maneno sawa. Profesa mwenye mistari kumi na mwanafunzi wake mwenye mmoja hawapendezi, hasa ikiwa aliyepanda ngalawa kurekodi ni mwanafunzi.

## Baada ya kutuma

Hifadhi matoleo matatu kwenye simu: la maneno 24, la 50 na la 80 hivi. Siku ya kikao fika mapema, mtafute mwenyekiti, msalimie, mwulize kama wasifu umemfikia. Mara nyingi atakuwa hana, au ana wa mwaka juzi. Mwonyeshe ule wa maneno 50. Mwambie jina lako mara moja kwa mdomo, polepole, alisikie linavyotamkwa, kisha nenda kachomeke flashi yako kwenye kompyuta ya ukumbi, maana hiyo nayo ina mambo yake.